Siku Tulipolibeba Banda

Mtaa wetu wa Kibamba hauna uzio hata mmoja ulionyooka, na sababu yake tunaijua wote. Nyumba zetu tumezijenga kidogo kidogo, wengi tukihamia kabla ya madirisha, na kila nyumba ina mahali ambapo jirani alishika kamba, au alishika ngazi, au alishika tu mdomo wake asiseme kuwa ukuta umepinda. Mimi nilikulia Upareni, ambako ukiitwa msaragambo unachukua jembe unakwenda kwenye kazi ya wote, huulizi utapata nini. Nilipokuja mjini niliambiwa kwamba huku kila mtu na lwake. Aliyeniambia hivyo nadhani alikuwa hajapata kuishi na majirani kama wangu.

Jirani yangu wa mkono wa kulia anafuga kuku. Mumewe alikuwa kuli bandarini miaka yote waliyopanga Temeke, na vumbi la mifuko aliyoibeba lilimkaa kifuani likakataa kutoka. Kiwanja cha Kibamba walikinunua kwa mgongo ule. Baba huyo alipoanza kuumwa, kuku ndio waliobaki kuwalisha. Kisha mchwa wakala nguzo za banda, mvua ya upepo ikalimalizia, na mama wa watu hakuwa na la kufanya ila kuwaingiza kuku sebuleni. Walikuwa hawajafikia umri wa kuuzwa. Ukibisha hodi, unaitikiwa na kuku kabla ya mwenye nyumba.

Katikati ya hayo baba akalazwa. Alipopata nafuu, daktari akasema ataruhusiwa Jumapili, ila nyumba yenye kuku ndani asiikanyage, kifua chake hakitastahimili. Kwa hiyo ama wauze kuku wadogo vile vile wabaki hawana kitu, ama baba apelekwe kwa dada yake Temeke mpaka hapo Mungu atakapopenda. Baba mwenyewe alishamwambia mkewe pale kitandani: "Mie sitaki kwenda kufia kwenye nyumba ya mtu." Mama alinisimulia haya tukiwa bombani, ndoo yake imejaa na inamwagika, wala haoni.

Mie si mtu wa subira. Nilifunga lile bomba, nikaenda kwa fundi seremala nyumba ya tatu, nikamwambia banda linatakiwa lisimame Jumapili kabla baba hajafika. Akanitazama, akauliza kitu kimoja tu: "Mbao nani anazo?" Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa unajibu swali hilo. Huyu alileta miti ya mirunda iliyobaki alipomwaga zege, yule mabati aliyoyabandua jikoni, mwingine waya wa kuku uliokuwa umezungushiwa mchicha, na mchicha ukabaki na Mungu wake.

Kazi yenyewe ilibidi ipangwe kwa ibada. Sisi Wasabato Jumamosi hatushiki nyundo, basi siku hiyo walianza wengine, Waislamu na Wakristo wa Jumapili. Jumapili asubuhi wale wa Jumapili wakaenda makanisani kwao, sisi tukapokea pale walipoachia. Adhuhuri ilipoadhiniwa Waislamu wakaenda kuswali, na waliotoka kanisani wakawa wamerudi, wengine bado wana tai shingoni. Nyundo haikunyamaza. Nimekaa kwenye vikao vingi vyenye ajenda na mwenyekiti, na sijaona kazi iliyopokezana vizuri namna ile bila mtu kutoa amri.

Fundi alikataa kufukia nguzo ardhini. Mchwa wa Kibamba alishawajua, kwa hiyo alifunga fremu ya mirunda chini, akaikalisha juu ya matofali, akasimamishia banda zima hapo. Mama alitaka kutusaidia kupiga misumari, tukamwambia yeye ni mwenye shughuli, akae. Akakaa. Kila tulipomtazama alikuwa anatushukuru, na kila alipomaliza kutushukuru alikuwa anaangalia chini. Nilidhani anamuwaza mumewe.

Saa tisa hivi bati la mwisho likapigiliwa. Banda lilikuwa zuri, nasema kweli. Si kubwa, lingetosha kitanda na kabati, lakini limenyooka kuliko nyumba zetu nyingi. Tukawa tunalizunguka na kulisifu, na kujisifu pia. Hapo fundi akaenda chooni, akarudi akikunja uso.

"Mama, choo chako kinagoma kushuka. Chemba yako ya maji taka iko wapi, tuifungue tuone?"

Mama alitazama chini, halafu akaonyesha kwa mdomo. Mdomo ule ulikuwa umeelekea bandani.

Mfuniko wa chemba ulikuwa chini ya banda, katikati kabisa, umefunikwa na mchanga wa fagio la miaka. Gari la maji taka lilikuwa limeshaitwa lije kesho yake kunyonya, maana shimo lilikuwa limejaa.

Sasa elewa ilivyokuwa. Aliyechomeka vigingi vya kuonyesha banda likae wapi ni mzee aliyetuuzia viwanja sote. Ni mwenyeji wa hapa tangu kwa babu yake, na mtaa huu wote ulikuwa shamba lao la mikorosho. Kila mmoja wetu alionyeshwa mpaka wake na mzee yule kwa ncha ya bakora, na hakuna kati yetu aliyewahi kubishana naye kuhusu ardhi. Jumamosi alipoonyesha pale akasema, "Hapa pako sawa," watu wakafunga kamba. Waliokuja baadaye wakakuta kamba, sisi wa Jumapili tukakuta ukuta. Mzee hakukosea sana: alipoiuza ardhi ile haikuwa na chemba.

"Na wewe mwanangu ulikuwepo," mzee akamwambia mama. "Ulishindwa nini kuniambia?"

"Shikamoo mzee wangu," mama akasema, na machozi yanamtoka. "Ningeanzaje? Wewe ni mzee wangu, na hawa watu wameacha kazi zao kwa ajili yangu. Nianze kuwakosoa?"

Mzee akavua kofia, akajifuta kipara. "Haya basi. Mie nilidhani nakufa kwa uzee, kumbe adabu zenu ndo zitanizamisha chooni."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini mama hakucheka, maana simu ilikuwa imeshaita: baba ameshatoka hospitali, yuko njiani.

Kulivunja banda na kulijenga upya kungetupeleka hadi kesho yake. Fundi akalizunguka mara moja, akapiga fremu teke, ikatulia. "Halijafukiwa," akasema. "Tulibebe." Ikapitishwa mirunda chini ya fremu, watu wakajipanga pande zote, wengine wakaingia ndani washike kutokea huko. Mimi nilikuwa kona ya nyuma, kanga nimeifunga kiunoni, begani kwangu mrunda, mbele yangu mzee mmoja wa kanisa na tai yake. Tuliinua vibaya. Upande huu ukapanda, ule ukabaki, banda likalia, fundi akapiga kelele tushushe. Tukajaribu tena, ikawa vile vile. Kila mtu alikuwa na nguvu na kila mtu alikuwa na wakati wake.

Ndipo bajaji ikasimama getini. Baba alikuwa nyuma, amekonda, shuka la hospitali begani. Akatutazama tulivyojazana chini ya banda. Nilitegemea aulize kuna nini.

"Nyie," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "mzigo hauinuliwi hivyo. Ngojeni niwaitie."

Mkewe akataka kumkataza, yeye akamwinulia mkono tu. Akashika mlango wa bajaji. "Nikisema inua, mnaitika hee, ndo mnainua. Haya. Inua!"

"Hee!"

Banda likapanda lote, sawasawa, kama sufuria inayotolewa mekoni. "Twende!" "Hee!" Tukasogea hatua. "Twende!" "Hee!" Tukasogea nyingine, banda zima linatembea kwa miguu yetu kama jongoo, na baba pale getini akitupeleka kama alivyowapeleka wenzake bandarini.

Tulipofika katikati ya uwanja, nusu ya njia kwenda upande wa pili, kikohozi kikamshika. Kilimshika vibaya, akajikunja, mkewe akamshika mgongo. Hakukuwa na wito. Bega langu lilikuwa linawaka na miguu ya mzee wa kanisa ilikuwa inatetemeka mbele yangu. Nikangoja fundi aseme tushushe, hakusema. Hakusema mtu yeyote. Tulisimama na banda lile begani, tunamsikiliza akikohoa. Mimi nisiye na subira ningesimama pale hadi usiku.

Akanyanyuka, akafuta mdomo kwa shuka.

"Bado mmeshika?" akauliza.

"Tumeshika, baba."

Akavuta pumzi, tukaisikia inavyoingia kwa shida. Akasema, "Haya, wanangu. Twende."