Kura ya Pili ya Baba

Mjukuu wangu yuko Amerika. Ni nesi. Hunipigia simu Jumapili nikishatoka kanisani, na kama wapangaji wangu hawajaniudhi huwa tunaongea vizuri. Zamani alikuwa akiniuliza habari ya mvua na ng'ombe. Siku hizi ananiletea siasa ya huko. Anasema watu wanagombana kuhusu karatasi ambazo mtu anafaa kuonyesha ndiyo apige kura. Anasema kura ya mtu wa jimbo dogo inavuta mizani kuliko yake yeye aliyeko jimbo kubwa. Alikula kiapo cha uraia akapewa cheti, na sasa anatembea nacho mkobani kama mgonjwa wa pumu na dawa yake.

"Shosho," akaniambia juzi, "mambo kama haya hayajawahi kutokea."

"Yametokea," nikamwambia. "Wewe una digrii na mimi niliachia darasa la pili, lakini somo hili nilikutangulia."

"Yalitokea wapi?"

"Ruiru."

Akacheka. Yeye anajua Ruiru ya mtaa wa Membley, ya mageti na magari ya watu wa mshahara. Mimi najua Ruiru iliyokuwa kahawa mpaka jicho lichoke. Nikamwambia akae chini, nimweleze habari ya baba yangu, ambaye kwake yeye ni babu wa mama yake. Na kwa kuwa simu ilikatika katikati, naandika hapa yaliyobaki. Mkono wangu si mzuri lakini kichwa kiko sawa.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu. Wakati ule mwanaume wa kwetu hakugusa sufuria nyumbani kwake, lakini jikoni kwa mzungu aliingia na aproni nyeupe akaheshimiwa. Alirudi laini, yaani kwenye vyumba vya wafanyakazi, akinuka sukari iliyoungua. Harufu hiyo nimeitafuta miaka yote. Nikipita mahali wanapooka keki hapo Thika mjini, husimama kidogo, na watu hudhani nimechoka.

Mama na mimi tulichuma kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, labda kumi na saba, hakuna aliyeandika. Na kulikuwa na mjomba, ndugu ya mama wa tumbo moja, fundi wa baiskeli karibu na stesheni. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, mimi msichana, mchana kweupe, mama akajificha kwa aibu na baba akacheka mpaka akakaa chini. Baba na mjomba walipendana. Mjomba alikuwa akija Jumapili, na baba alimfichia kipande cha nyama kutoka jikoni kwa mzungu.

Kisha Imajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni kwa sababu ya wapiganaji wa msituni. Mjomba alichukuliwa na lori pamoja na wengine, ikasemekana amekula kiapo cha msituni. Alikula au hakula, sijui mpaka leo. Hakuwahi kuniambia, na mimi si mtu wa kumchokonoa mtu mzima.

Sisi Wakikuyu tulitakiwa tuthibitishe kwamba tuko upande wa serikali. Kulikuwa na karatasi ya uaminifu, na bila hiyo kutembea kulikuwa taabu, na kazi ya ndani kwa mzungu ilikuwa ndoto. Waliotoa karatasi walikuwa watu tunaowajua, wazee wa serikali na hom-gadi wao, askari wa kienyeji, wameketi nyuma ya meza. Baba akaitwa. Wakamwuliza mambo mengi akajibu vizuri. Mwisho mmoja akamwuliza, "Na yule fundi wa baiskeli unamjua?"

Baba akasema, "Simjui sana."

Akapewa karatasi.

Mama hakuambiwa na baba. Aliambiwa mtoni, na mke wa mmoja wa wale wazee, mbele ya wanawake wote. "Kumbe mzee wako hamjui ndugu yako," yule mama akasema. "Basi zile mbuzi za mahari alimpelekea nani?" Wanawake wakacheka. Mama alijaza debe lake, akalibeba, tukapanda mlima.

Hakumwuliza baba. Alimpikia, akamfulia aproni, akaipiga pasi kama kawaida. Lakini hakumsemesha tena. Chumba chetu kilikuwa kimoja, hatua nne kwa tatu, na mama angeniambia mimi, "Mwambie baba yako chumvi imeisha," na baba ameketi hapo hapo anafungua viatu.

"Mwambie mama yako nimesikia," baba angesema.

Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa posta ya watu wawili wanaoweza kugusana. Watu hudhani nyumba huvunjwa na kelele. Kelele tungeishukuru. Nilichotaka katika maisha yangu wakati huo, kuliko nguo, kuliko mchumba, ni mama amwambie baba jambo moja bila kupitia kwangu.

Siku moja tukitoka kanisani baba alinipata peke yangu akasema, kama mtu anayeongea na miguu yake, "Ningesema namjua, nani angewalisha?" Alikuwa na haki ya kuogopa, nasema hivyo hata leo. Mama naye alikuwa na haki yake. Mungu ndiye anayejua namna ya kupima haki mbili ndani ya chumba kimoja.

Ndipo ikaja habari ya kura. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika kumpigia Mwafrika mwenzake, lakini si kila Mwafrika. Ulipimwa. Umesoma? Una mshahara gani, una mali, una miaka mingapi, umefanya kazi kwa mtu mmoja muda gani? Mwenye mengi angeweza kupewa hata kura tatu, peke yake. Mchuma kahawa hakupewa hata robo. Na sisi Wakikuyu tuliongezewa ile karatasi ya uaminifu juu ya hayo yote. Jirani yetu, dereva wa trekta, Mluhya kutoka magharibi, alipata kura moja kwa mshahara wake na hakuna aliyemwuliza kama anampenda gavana.

Baba alipewa mbili, kwa umri na kwa miaka yake jikoni. Karani alimwuliza mwaka aliozaliwa, baba akamtajia rika alilotahiriwa nalo. Karani alikuwa wa kwetu, akahesabu marika kwa vidole mpaka akatosheka.

Dereva hakumwacha apumue. "Mzee ana kura mbili," akasema pale nje ya laini, watu wakiwa wengi. "Akili je, umepewa ngapi?"

"Moja," baba akasema. "Nilikuazima nusu, hujarudisha."

Siku hiyo aliingia ndani akiwa na furaha, na furaha ikamdanganya. Alisahau kupitia kwangu. Alimwambia mama moja kwa moja, "Nina kura mbili, kama mtu mwenye mashamba mawili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya nyumba yako. Sema nimpe nani."

Ndivyo alivyoelewa. Mtu wa kwetu akiwa na mashamba mawili, hayalimi yote kwa tumbo lake. Kila nyumba, yaani kila mke na watoto wake, hupewa lake.

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua macho, lakini alijibu, na nilishtuka kusikia sauti yake ikienda upande ule.

"Mpe mtu usiyemjua."

Baba akatoka.

Kura zilipigiwa Thika. Wenye kura walipelekwa na lori, baba amevaa koti alilopewa na mzungu, refu mikononi. Walirudi jua likiwa bado juu. Baba hakuja laini moja kwa moja. Aliyekuja kwanza ni dereva, akasimama mbele ya mama na kofia mkononi.

"Mama, mzee wako leo ametutia aibu au ametutia heshima, hata sijui."

"Amefanya nini?" mama akauliza.

Dereva akatueleza. Baba alipewa karatasi zake mbili. Ya kwanza akaitia sandukuni kama watu wengine. Ya pili akaishika, akamwendea karani akasema, "Hii ni ya shemeji yangu. Yuko kizuizini, hawezi kuja. Nataka uandike kwamba ni yake."

"Karani akadhani ni mzaha," dereva akasema. "Akamwambia, mzee, aliyefungwa hapigi kura. Mzee akasema, ndiyo maana nimemletea. Mimi nikamvuta koti. Nikamwambia, mzee, kura ni kama mke, hutoi ya pili kwa jirani. Akaniambia niachilie koti lake."

"Kisha?"

"Kulikuwa na mmoja wa wale wazee wa karatasi, amesimama mlangoni. Akamwambia, wewe si ulituambia humjui? Mzee wako akasema, niliwadanganya. Namjua. Nimekula kwake na amekula kwangu, na mke wangu ni dada yake." Dereva akaivaa kofia yake tena. "Alisema kwa sauti, mama. Watu wote walisikia."

Karatasi ya pili ilichukuliwa. Ile ya uaminifu pia ilichukuliwa, hapo hapo. Hawakumpiga, na hilo lilikuwa bahati, maana kwa maneno madogo kuliko hayo watu walipotea.

Baba alipoingia alikaa kwenye kigoda chake akaanza kufungua viatu. Mama akamtazama.

"Umekula?" akamwuliza.

Baba, kwa mazoea, akanigeukia mimi ili nipeleke jibu.

"Jibu mwenyewe," nikamwambia. Sijawahi kumkosea baba heshima kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Sijala," akasema.

Yaliyofuata mjukuu wangu anaweza kuyakisia. Mzungu alipenda sana chakula cha baba lakini alisema hawezi kumweka mtu asiye na karatasi karibu na watoto wake. Akampa siku chache, aondoke aelekee kwetu, ng'ambo ya Thika, kwenye kijiji cha serikali kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyapara alimwambia mama kwamba yeye hana kosa, jina lake bado liko shambani, anaweza kubaki. Mama akamwambia, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemtuma."

Mimi nilibaki. Mtu mmoja alihitaji kubaki na kazi. Baadaye nilihamia Thika, nikauza uji kwa vibarua wa viwanda, nikajenga chumba, nikajenga kingine, na leo nina vyumba vya kupangisha huko Kiandutu na hakuna mwanaume aliyenishikia mwiko wa udongo. Mjomba alirudi amekonda. Nilipomsimulia akauliza, "Alinipigia nani?" Nikamwambia karatasi haikufika sandukuni. Akasema, "Basi ni heri, sikupoteza kura kwa mjinga." Baba alikufa kabla ya siku ambayo kila mtu mzima alipewa kura yake moja.

Simu iliporudi, nilimmalizia mjukuu wangu kwa kifupi. Kisha akaniambia kwamba miaka hiyo hiyo, kusini ya huko kwao Amerika, mzee mweusi alienda kujiandikisha akapewa maandishi magumu asome na kueleza, akishindwa kidogo, nenda nyumbani. Sikulijua hilo. Nilidhani ni sisi tu tulioulizwa kama tunafaa. Nimekaa nikimfikiria huyo mzee, na koti lake, na aliyemngojea nyumbani. Sisemi Amerika ya leo ni Ruiru ya wakati ule. Sijafika huko na sisemi nisichokiona. Ninachojua ni kwamba wanaopima nani ahesabiwe na kwa uzito gani hawakuanza jana, na karatasi wanayokupa ina bei, na siku moja watakuuliza unamjua nani. Nilimwambia mjukuu wangu aende apige kura yake, na akiulizwa kuhusu watu wake, aseme anawajua.

Lakini usiku wala mchana si siasa ninayoikumbuka. Ninakumbuka asubuhi waliyoondoka. Niliwasindikiza mpaka mwisho wa laini. Mama alikuwa na mzigo mgongoni, baba ana sanduku la bati kichwani, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hakufanya, na mama akaanza kumwambia alishushe, watu wataonaje. Baba akasema watu wameshaona mengi mwaka huu. Mama akasema basi angalau alibebe begani. Baba akasema bega ni lake. Walikwenda hivyo katikati ya kahawa, hatua kwa hatua, wakijibizana. Kahawa iliwameza mapema, lakini sauti zao ziliendelea kunifikia, ya mama juu, ya baba chini. Nilisimama hapo kwenye umande mpaka nyapara akaniita mara mbili, kwa sababu bado nilikuwa nawasikia.