Ramani ya Vifungo

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Mama Vipande ameshachutama kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, anachambua mabaki ya jana. Rangi hana habari nazo. Anafumba macho, anasugua kila kitambaa kwa kidole gumba. Kimoja anakitia guniani, kingine anakitupa.

"Hiki laini mno, hakisemi kitu," anasema. "Wanangu wanataka kitambaa chenye maneno."

Wanangu, kwake, ni wanafunzi wasioona wa shule anakofagia. Yeye na mwalimu wa ushonaji wamewashonea ramani ya shule inayosomwa kwa vidole, imetanda ukuta mzima. Velveti ni bustani, zipu ni korido, vifungo ni milango. Ukiwaona watoto wakiisoma kwa mara ya kwanza, mwili unasisimka.

Mwaka jana nusura ifumuliwe. Mama Vipande alikuta kopo la vifungo juu ya mabaki, akalibeba akidhani nalo limetupwa. Kumbe fundi mmoja aliliweka hapo mara moja tu apate kupangusa meza. Vilikuwa vifungo alivyoachiwa na marehemu mama yake. Alipopata habari kwamba vimeshonwa kwenye ramani, alikuja shuleni amewaka hasira, mkasi mkononi.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka. "Nikamwambia, baba, kosa ni langu. Ni mali ya mama yako, fumua."

Fundi akainua mkasi. Papo hapo akaingia binti mdogo, mwanafunzi mgeni aliyefika wiki ile, akapitisha vidole juu ya zipu, akasita kwenye kifungo kikubwa cha koti.

"Bweni hili hapa," akajiambia, akageuka, akaenda zake bila kushikwa mkono na mtu.

Fundi naye akafumba macho, akapapasa njia ile ile mpaka kwenye kifungo kile.

"Cha koti la mama la baridi hiki," akasema. Kisha akaweka mkasi chini. "Mama, nipe sindano. Uzi wake umelegea."

Tangu hapo mafundi wote humwekea mabaki yanayokwaruza na yenye vinundu. Anayahitaji sana, maana sasa anataka kushona ramani ya barabara: kutoka langoni hadi dukani, zahanati na kituo cha basi.

"Nataka watoke wenyewe," anasema, akifunga gunia. "Wazurure huko, wachelewe kurudi, niwagombeze kama watoto wengine."