Wimbo wa Nekesa Usio na Maneno

Harufu ya maranda ya mbao za saiprasi hunirudisha mtaani Huruma, kwenye kibanda ambamo kaka yangu Simiyu alikuwa fundi wa vitanda. Jioni alifagia, akaketi juu ya kitanda ambacho bado hakijatiwa miguu, akashika gita. Mimi nilikuwa na chupa ya soda. Nilikwaruza matuta ya shingo yake kwa msumari ili kumshikia mdundo. Msimu mmoja wa mvua dada yetu Nekesa alikuwa karibu kuolewa Kaptagat, na Simiyu alikuwa akimtungia wimbo wa gita tupu. Ulianza polepole kama mama akikoroga uji, kisha nyuzi nene zikaingia kama mitungi ya maziwa ikigongana kwenye baiskeli. Alitaka Nekesa aondoke na asubuhi za nyumbani masikioni. Kabla ya sehemu ya mwisho aliweka kimya kifupi, na hicho ndicho kilichomsumbua zaidi. Alikirefusha, akakipunguza, akakirefusha tena. Nilipomuuliza maneno yatakuja lini, alisema hayaji.

Lakini kwetu, watu tuliotoka magharibi mwa nchi, mpiga gita wa harusi hutaja majina. Mjomba asiposikia lake hurudi nyumbani amenuna. Siku yenyewe ya harusi, Nekesa akiwa ameinamisha kichwa kusikiliza, wageni walianza kutazamana. Shangazi mmoja akauliza, "Simiyu, umeanza ama bado unakaza nyuzi?" Hema zima likacheka. Tulipofika kwenye kile kimya, sikuvumilia. Nikaingia kwa sauti yangu nyembamba, nikawaita wajomba mmoja mmoja. Watu wakainuka kucheza, na Simiyu akageuza vidole, akapiga nyimbo za kawaida mpaka bibi harusi akaondoka.

Tukirudi nyumbani nilingoja anisifu. Akasema tu, "Uliona aibu kwa niaba yangu. Mimi sikuwa nayo."

Siku hizi Huruma ina spika katika kila kioski, na muziki usio na neno hata moja hupigwa kutwa bila mtu kuuliza anatajwa nani. Simiyu anaishi Kiplombe, na vidole vyake vimekakamaa. Mwezi uliopita nilimwomba aupige wimbo wa Nekesa. Alipofika kwenye kile kimya aliniangalia, akangoja muda mrefu kuliko zamani. Nilifunga mdomo. Akaendelea, akaumaliza wote, tukiwa wawili tu sebuleni. Nekesa tulishamzika huko Kaptagat, na mwisho wa wimbo wake hakuwahi kuusikia.