Bastola ya Mti Ukweni

Hii aibu nimeibeba muda mrefu, na wenzangu wa Ziwani wakinicheka nawaacha wacheke, kwa maana hawajui yote.

Miaka ya tisini nilikuwa nachonga vinyago, lakini soko lilikuwa limelala, kwa hivyo nikashika na kazi ya ngozi. Mfanyabiashara mmoja mwenye leseni ya bastola akaniagiza mfuko wa kuivalia kwapani. Bastola yenyewe hangeniachia (na hata mimi singepata usingizi nayo), akaniruhusu tu kuichora kwenye karatasi, basi nikachonga mfano wake wa mti, nikaupaka rangi nyeusi ya viatu, nikalowesha ngozi na kuikandia juu yake ishike umbo. Ilipokauka ilikuwa ngumu ajabu. Ngozi kama hiyo lazima ivaliwe kwanza ndipo ilegee, na mteja alikuwa anaijia Jumatatu, na Jumamosi ndiyo nilikuwa naenda mtaa wa Fedha kumposa Mwende. Nikajiambia, si nitakuwa nimeketi tu, wacha niivae na ile bastola ya mti ndani, koti litaificha. Fala mimi.

Baba yake Mwende alikuwa dereva mstaafu, mtu wa heshima zake, na miezi michache nyuma majambazi walikuwa wamemwekea bastola kichwani pale pale mlangoni pake. Nilijua. Mwende alinieleza mwenyewe akilia, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba nilijua na haikunijia akilini.

"Mwanangu, vua koti, kuna joto," mama yake akaniambia.

"Niko sawa, mama," nikasema, huku jasho linanitiririka na ngozi inanidunga mbavu. Chakula kikaletwa, Mwende akaja na maji ya kuninawisha, nikainama, koti likafunguka.

Shangazi yake akasema polepole, "Huyu ako na bunduki."

Hapo mwenye akili angetoka nje. Mimi nikasema, "Ni mti tu, mzee, hebu ona," nikaivuta. Ikakataa, ngozi ilikuwa imeibana, nikavuta kwa nguvu zote ikachomoka ghafla, mdomo umemwelekea mzee.

Alipiga magoti kando ya meza, mikono juu. "Chukueni kila kitu," akasema, "watoto msiwaguse." Na suruali yake ya kupokelea wageni ikalowa mbele yetu wote, mbele ya mjomba wangu aliyekuja kunisemea, ambaye aligeuka akaanza kusoma kalenda ukutani. Hakuna aliyecheka. Mwende akamfunga baba yake leso kiunoni, akamwinua, wakaingia chumbani.

Nilituma wazee kuomba msamaha, nikatuma tena. Mama alisamehe. Mzee akajibu kwamba hana kinyongo, ila mimi na yeye hatuwezi kuketi chumba kimoja.

"Kumtisha angekusamehe," Mwende akaniambia. "Shida ni kwamba ulimwona."

Aliolewa Machakos. Mimi niliapa sitashona mfuko mwingine wa bastola, na sijashona. Na nikimwona yule mzee mbele yangu barabarani, mimi ndiye navuka ng'ambo, ili asilazimike kuvuka yeye.