Kivietinamu, Kioriya na katoni yangu ya kalamu

Leo hapa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla huku China, nimeumbuliwa na lugha yangu mwenyewe.

Nimeshea gari la mizigo na dada mmoja wa Vietnam na kaka mmoja Mhindi wa Odisha. Kila mtu anaandika kwenye katoni zake kwa lugha ya kwao, zisichanganyike.

Nikajitia mjuaji, nikawaambia kwa Kichina chetu cha sokoni: Kivietinamu rahisi, herufi ni hizi hizi zetu. Lakini Kioriya cha kaka, jamani! Maduara matupu, kama mtu kamwaga maandazi.

Dada akasema, "Haya, soma. Ukikosea, chakula juu yako."

Nikasoma katoni yake kwa sauti, kifua mbele.

Akasogeza sikio.

Nikarudia. Akacheka mpaka akakalia mzigo, hata laoban mwenye duka akatoka kuchungulia. Dada hajaelewa hata neno moja! Kumbe vile vialama juu ya herufi si mapambo, vinapandisha na kushusha sauti.

Kisha akageukia katoni yangu, akasoma taratibu: "Kalamu za dukani." Kasoma vizuri, ila maana yake haijui.

Kaka wa Odisha akaruka. "Kalama! Dokana!" Akachomoa kalamu mfukoni, akaonyesha duka. Kwao karibu ni hivyo hivyo!

Yaani Kiswahili changu, mmoja kakisoma, mwenzake kakielewa, na wote wawili hawakijui.

Mimi mwenye lugha, kazi yangu ikawa kulipia tambi.

Haya, chekeni.