Dereva Mmoja, Mikono Mitatu

Hendeli ya trekta ilimpiga mume wangu teke asubuhi moja ya mwezi wa tatu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Keringet. Nilisikia nikiwa jikoni. Trekta ilikohoa mara moja, ikanyamaza, kisha sauti yake yeye ikapaa mpaka kwenye zizi la kondoo. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye nyasi zenye umande, mkono wa kushoto umeushika wa kulia, na kifundo kimekaa vile kifundo hakipaswi kukaa.

"Kidole gumba," aliniambia, meno yameumana. "Nimesahau kidole gumba."

Kila aliyewahi kuwasha matrekta ya wakati ule alijua sheria hiyo. Ukishika hendeli, kidole gumba hukaa upande mmoja na wenzake. Usiikumbatie kwa ngumi nzima, maana injini ikiamua kurudi nyuma, inarudi na mkono wako. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine. Lakini asubuhi hiyo alikuwa akimsimulia mchunga maksai kisa cha kuchekesha, akakisimulia huku anazungusha, na kisa hakikufika mwisho.

Mume wangu alikuwa Mragoli, amekuja Bonde la Ufa kutafuta kazi na akaipata kwenye shamba la mzungu mmoja aliyelima ngano na pareto. Mimi ni Mkipsigis, nimezaliwa Bonde hilo hilo, upande wa Kuresoi, na kazi yangu ilikuwa kuchuma maua ya pareto. Kiswahili ndiyo lugha tuliyotongozana nayo, tukaoana nayo, na kugombana nayo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua lugha ya mama mkwe wake. Tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa, hatujapata mtoto, na jioni mume wangu hakuwa na hadithi nyingine ila plau.

Shamba lilikuwa na plau mbili. Moja tuliiita ya mabawa, kwa sababu vyuma vyake vinne vilijikunja kama bawa la kuku anayeatamia. Hiyo iliukata udongo na kuulaza kifudifudi, nyasi zote chini, shamba likabaki linang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Mume wangu aliipenda vile mtu hupenda ng'ombe wake wa kwanza. Nyingine ilikuwa ya sahani: sahani tatu kubwa za chuma, zimeinama kidogo, zinazunguka zenyewe zikivutwa. Kazi yake haikupendeza macho. Iliacha mabonge, na nyasi zikichungulia hapa na pale. Mume wangu aliiita plau ya mtu mvivu.

Hayo yote niliyajua kabla sijaigusa trekta. Tena kuigusa nilikuwa nimeigusa. Mchana nilimpelekea viazi na maziwa ya mgando, na alipokuwa akila nilipanda kwenye kiti chake nikacheza na stelingi. Jumapili mbili tatu alikuwa ameniacha niipeleke mpaka mwisho wa shamba, bila plau, huku yeye akitembea kando na kuomba Mungu kwa sauti.

Sasa mkono ulikuwa umevunjika. Lori la maziwa lilimpeleka hospitali Nakuru, na siku ya tatu akarudi na plasta mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amesema wiki sita. Mvua haikuwa na wiki sita. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Londiani kila alasiri, na mashamba mawili makubwa yalikuwa hayajaguswa: lile la chini, lililovunwa ngano, na lile la juu, ambalo lilikuwa limetoka kufyekwa msitu.

Bwana mwenye shamba alikuwa amekwenda Ulaya kumwona mama yake mgonjwa, akamwachia mkewe, memsaab, kila kitu. Memsaab naye alimwachia nyapara. Nyapara alikuwa mzee mrefu, mwenye kabuti la vita, mtu wa haki lakini mkavu. Alikuja mlangoni kwetu jioni ya siku aliyorudi mume wangu.

"Dereva, pole sana," alisema. "Nimetuma watu kwa majirani. Kila dereva ako shambani saa hii, hakuna wa kuazima. Lakini nikipata mwingine, nyumba ya dereva ni ya dereva. Itabidi mmpishe."

Alipoondoka, mume wangu alikaa akitazama plasta yake kama mtu anayesoma barua mbaya. Mimi nilikuwa namenya viazi.

"Mimi naweza," nilisema.

"Unaweza nini?"

"Kuendesha. Wewe kaa juu ya madigadi, pale juu ya gurudumu la nyuma, vuta kamba ya plau na ule mkono mzima. Mimi nishike stelingi."

Plau za siku hizo zilivutwa nyuma, na kamba ilitoka kwenye plau mpaka kwa dereva. Ukifika mwisho wa shamba unavuta kamba, plau inajiinua. Ukishageuka unavuta tena, inashuka. Ndiyo kazi pekee ambayo mkono mmoja ungeiweza.

Alicheka mpaka akajiumiza. Halafu akatoka nje kuangalia mawingu, akarudi.

"Klachi ni nzito," alisema.

"Nitaikanyaga na miguu miwili."

Asubuhi nilivaa suruali yake chini ya rinda, nikafunga kilemba vizuri. Mchunga maksai, ambaye bado alijiona mwenye hatia kwa kucheka wakati mbaya, ndiye aliyepiga hendeli, kidole gumba kimewekwa mahali pake kwa heshima. Injini ikanguruma. Mume wangu akakaa juu ya madigadi, plasta ikining'inia shingoni, kamba mkononi. Nikasimama juu ya klachi kwa uzito wangu wote, nikaingiza gia, nikaiachilia polepole kama alivyonifundisha. Trekta iliruka kidogo, ikakubali.

Laini ya kwanza ilipinda kama nyoka aliyemeza panya. Nilikuwa natazama gurudumu la mbele badala ya kutazama mbali, na mume wangu alikuwa anapiga kelele sikioni. "Kulia! Kulia! Si kulia hiyo! Angalia mti! Usiangalie mimi!" Tulipofika katikati ya laini ya pili, nilikanyaga klachi, nikasimamisha trekta pale pale.

"Nyamaza ama ushuke," nilimwambia.

Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo, hasa juu ya trekta yake. Akafunga mdomo. Nikachagua mti mmoja wa mtarakwa upande wa pili wa shamba, nikaukazia macho, na laini ya tatu ikanyooka.

Kufikia saa nne, wanawake wa pareto walikuwa wameacha vikapu vyao na kujipanga ukingoni. Kila nilipogeuza walipiga vigelegele, na mmoja mwenye sauti kubwa aliniuliza kama nyumbani pia nashika stelingi. Mume wangu ndiye aliyemjibu: "Hata breki!" Nilijua wakati ule kwamba siku itakuwa nzuri.

Nyapara alikuja mbio, kabuti likipepea.

"Hii ni nini sasa?" aliuliza. "Dereva ni nani hapa?"

"Ni sisi," mume wangu alimwambia kutoka juu. "Dereva mmoja, mikono mitatu."

Nyapara hakucheka, lakini hakutuzuia pia. Alikwenda kumwita memsaab. Memsaab alifika juu ya farasi wake, kofia imekaa upande. Nilizima moyo wangu, injini nikaiacha iwake, kwa sababu nilijua nikiizima huenda isiwake tena.

"Wewe nafanya nini juu ya tinga yangu?" aliuliza, kwa kile Kiswahili cha wazungu wa mashambani ambacho sote tulikielewa.

"Nalima, Memsaab."

"Nani nasema wewe lima?"

"Mvua, Memsaab," nilisema, nikaonyesha Londiani.

Alitazama mawingu. Kisha akashuka, akamkabidhi nyapara hatamu, akaingia ndani ya mtaro na buti zake. Alitembea nyuma ya plau hatua nyingi. Alichomeka fimbo yake kwenye udongo kupima kina, akaichomoa, akachomeka tena mbele kidogo. Alitazama laini ya kwanza, akatikisa kichwa. Akatazama ile ya mwisho.

"Ile ya kwanza mbaya sana," alisema.

"Ndiyo, Memsaab."

"Hii nzuri. Endelea."

Tukaendelea. Shamba la chini tulilimaliza kwa siku chache, na plau ya mabawa ililipamba kweli. Jioni mgongo wangu ulikuwa kama umepigwa rungu, na mume wangu, ambaye tangu tuoane hakuwahi kugusa sufuria, alikuwa akisonga ugali kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa ugali mbaya sana. Niliula wote.

Shida ilikuja shamba la juu. Msitu ulikuwa umekatwa na kuchomwa, lakini visiki vya mitarakwa na mizizi vilibaki chini, havionekani. Mimi nilisema tufunge plau ya sahani. Mume wangu akakataa.

"Shamba jipya linataka plau nzuri," alisema. "Ile ingine ni ya kuharibu kazi."

"Mizizi haijui plau nzuri."

Lakini fundi alikuwa yeye. Tuliingia na ile ya mabawa. Hatukuwa tumefika mbali chuma kimoja kiliponasa kwenye mzizi. Trekta haikusimama. Ilivuta, plau ikakataa, na pua ya trekta ikaanza kuinuka mbele yangu, magurudumu ya mbele yakaiacha ardhi, polepole, kama farasi anayetaka kusimama wima. Niliona anga tu. Nikaruka juu ya klachi kwa miguu miwili. Pua ikarudi chini kwa kishindo kilichonitikisa meno, na mume wangu akaangukia kwenye majivu, plasta imeinuliwa juu kama mtoto anayeogopa kuloweshwa.

Mume wangu aliamka, akajipangusa, akaja kuniangalia kama nimeumia, akanishika mguu kwa mkono wake mzima. Kisha akaenda nyuma, akaona chuma kimepasuka.

"Ungechelewa kidogo tu," alisema, "hii kitu ingetupindukia." Alikohoa. "Twende tulete ile ya mtu mvivu."

Sahani hazikugombana na mizizi. Zilipofika kwenye kisiki zilipanda juu yake, zikazunguka, zikashuka upande wa pili na kuendelea kukata. Shamba halikupendeza. Lilikuwa na mabonge na vijiti vinavyochungulia, lakini lilikuwa limelimwa. Mume wangu alikaa juu ya madigadi akitazama sahani zikizunguka, na siku ya pili nikamsikia akizisifu kwa sauti ndogo, akidhani kelele ya injini inamficha.

Mvua ilitukuta tumebakiza laini chache. Ilikuja kutoka Londiani kama tulivyotarajia, kwanza upepo wa baridi, halafu matone makubwa. Mtu mwingine angeacha. Tulijua tukiacha, udongo ule mwekundu utashika maji, na trekta haitaingia tena kwa wiki nzima. Mume wangu alinishikia gunia juu ya kichwa kwa mkono wenye plasta, na kwa mkono mwingine akavuta kamba. Magurudumu yalianza kuteleza kwenye laini ya mwisho. Tulitoka upande wa pili tumelowa mpaka mifupani, tunacheka bila sababu. Plasta ilikuwa imelainika kama uji, ikabidi arudi Nakuru kuwekewa nyingine, na daktari alimgombeza sana.

Habari zilisambaa. Jumapili watu walikuja kutoka mashamba mengine kumwona mwanamke wa tinga, wakakuta nafua nguo. Mama yangu naye alisikia, akatembea kutoka Kuresoi nusu siku nzima. Aliniambia kwamba tangu dunia iumbwe hakuna binti wa nyumba yetu aliyelima mahali pa maksai, na kwamba amekuja kunirudishia akili. Aliongea hivyo mpaka chai ikaisha. Kisha akauliza trekta iko wapi, akaizunguka mara mbili, akaigonga kwa fimbo yake. Nilimpandisha madigadi nikamzungusha uani. Aliporudi nyumbani, niliambiwa, alisimulia safari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha.

Bwana alirudi ngano ikiwa imefika magotini. Memsaab alikuwa amemweleza kila kitu, nadhani, kwa sababu hakuuliza maswali mengi. Alitembea mashamba yote mawili akiwa na nyapara, akatuita.

"Mkono?" alimuuliza mume wangu.

"Imepona, bwana."

Akanigeukia. "Wewe nataka rudi kwa pareto?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sitaki. Nyapara, ambaye sikumtarajia kabisa, akakohoa na kusema kwamba shamba la juu lingekuwa bado halijalimwa kama si mimi. Bwana akatikisa kichwa, akaondoka, nasi hatukujua maana yake ni nini mpaka msimu uliofuata. Trekta ya pili ilikuja kwa gari la moshi mpaka stesheni ya Molo, na nyapara akaja mlangoni kusema kwamba nijiandae.

Basi tukawa madereva wawili. Mume wangu alichukua mashamba ya zamani na plau yake ya mabawa, mimi nikapewa mashamba mapya na sahani. Lakini kulikuwa na shamba moja kubwa, nusu la zamani nusu jipya, ambalo tulilima pamoja, yeye akianzia juu, mimi chini. Tulipishana katikati mara nyingi kwa siku. Kelele ya injini mbili haikuruhusu maneno. Yeye aliinua kofia yake kama mzungu anayemsalimu memsaab, mimi nikampigia mluzi, na kila mmoja akaendelea na laini yake.