Mama Anataka Kuzikwa Kando ya Baba, na Mimi Nilimwonyesha Kaburi la Uongo

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, basi habari za leo. Naomba ufiche jina langu na kijiji pia, maana huku milimani Lushoto ukipiga chafya, wa ng'ambo ya bonde anajua una mafua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeachika, nina watoto wawili. Nasimamia jikoni na mapokezi katika hoteli ya familia yetu. Msifikirie gesti. Ni nyumba ya mawe aliyoijenga marehemu baba, kaka yangu mkubwa akaikarabati ikawa na vyumba saba, kila kimoja na sehemu yake ya kuota moto, maua mpaka bafuni. Wanakuja Wazungu, wanakuja maharusi wa Dar kula fungate na kutetemeka kwa baridi. Wote wanasifia kwamba ni hoteli ya familia, wanajisikia kama wako kwao. Nikiyasoma hayo maneno nageuza simu kifudifudi.

Baba alizikwa hapo hapo uani, upande unaotazama bonde. Kaburi la saruji, msalaba juu. Mama alikuwa akilifagia kila Jumapili akitoka kanisani, halafu anakaa pale anamsimulia baba kwa Kishambaa mambo yote ya wiki, mpaka nani amegombana na nani kwenye kwaya. Sasa ile ndiyo sehemu yenye mandhari nzuri kuliko zote. Mgeni mmoja akaandika mtandaoni kwamba chumba kisafi, chakula kitamu, ila chai ya asubuhi aliinywa akitazamana na msalaba. Kaka alikosa raha wiki nzima. Na hapa ndipo mnitukane, kwa sababu wazo lilitoka kwangu. Nilisema, "Kaka, si tujenge baraza la mbao lipite juu? Kaburi halitaguswa, litakuwa tu chini." Nilijiona nina akili kweli.

Wakati huo mama alikuwa Tanga kwa dada yetu, anatibiwa presha ya macho. Mafundi wakang'oa msalaba, wakapigilia mbao, meza nne zikapangwa. Tulikubaliana akirudi tumweleze taratibu. Akarudi haoni kabisa.

Jumapili ya kwanza akaniambia, "Nishike mkono, nipeleke kwa baba yako." Pale juu wageni walikuwa wanakula mayai. Ndugu zangu, sijui ni shetani gani aliyenishika. Nilimpitisha nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye sakafu ya saruji lilipokuwa tangi la maji la zamani, nikamwinamisha, nikamwekea kiganja pale. Akapapasa.

"Msalaba uko wapi?"

"Umeng'olewa ukapakwe rangi, Mama."

"Na mbona upepo wa bondeni siusikii?"

"Kaka kajenga ukuta, Mama."

Akaamini. Akakaa chini, akaanza kumsimulia safari ya Tanga.

Nilipomweleza kaka nilitegemea anizabe kibao. Alicheka, na kesho yake akamwita seremala, akasimika msalaba mpya pale kwenye sakafu ya tangi. Huu mwaka wa tatu nampeleka mama kila Jumapili. Wafanyakazi wanajua, majirani wanajua, baba mdogo anajua, lakini wanawe wawili wameajiriwa hapa, atasema nini? Siku nyingine za wiki napita na sinia la matunda juu ya kifua cha baba yangu, nikiwauliza wageni kama wataongeza kahawa.

Sasa mama amezidiwa. Hospitali wametuambia tukae naye tu nyumbani. Juzi akaomba aitwe mchungaji, ambaye ni mgeni hapa, hajui lolote. Akamwambia mbele yetu sote, sauti inakatika, "Sina kinyongo na mtu. Naomba tu nilazwe kando ya mume wangu, mkono wa kushoto, ndivyo tulivyokuwa tukilala." Baba mdogo akatazama viatu vyake. Mchungaji akaenda kupaona, akaomba pale penye tangi, akatupongeza kwa kupatunza vizuri.

Nilimvuta kaka pembeni. Nikamwambia tung'oe baraza, mama azikwe anapostahili, ukweli nitamwambia mwenyewe nimepiga magoti. Akanijibu, "Mdogo wangu, Mungu katufungulia njia, wewe unataka kuifunga? Pale kapachagua mwenyewe. Baraza siling'oi, vyumba vimejaa mpaka mwaka mpya. Na ukimwambia, wewe ndiye utakayemuua, si ugonjwa."

Kinachoniuma ni kwamba hilo la mwisho lina ukweli. Nikimwambia, mama atakufa akijua kuwa miaka yote hii alikuwa anaongea na sakafu, na baraza litabaki palepale. Nikinyamaza, atakufa ametulia, halafu tutamlaza nyuma ya kufulia, peke yake, milele. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, na wala siombi pole.

Jana nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, wenzako wote walichoka, wewe hukuchoka kunipeleka kwa baba yako. Mungu akulipe." Nikachota kijiko kingine cha uji, nikamnywesha.

Jamani, mlio na wazazi na mliokwisha kuzika wazazi, nisemeni mnavyotaka, lakini mniambie na hili: nimwambie, au nimwache aende hivyo hivyo? Msichelewe kunijibu. Tangu asubuhi hata uji hamezi.